Siku Waliponikata Tai

Mwanangu Nyamizi,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umekaa kwa msusi kule North York tangu saa tano, shingo inakuuma, na upande wa kushoto bado haujaguswa. Umetuma ujumbe kwamba tusikutegemee kabla ya saa moja. Basi nina alasiri nzima, nina chai, na mama yako yuko chumbani anagombana na zipu ya sanduku lako. Sasa hivi ameniita nikamsaidie kulikalia. Nimemwambia naandika. Amenijibu, "Andika, andika, lakini kesho utalibeba. Mnyamwezi alizaliwa na mzigo kichwani, sanduku moja litamshinda?"

Nimemwambia Wangoni walitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini mpaka Songea bila hata mmoja wao kuuliza wanakwenda wapi, kwa hiyo asinifundishe mimi safari. Amecheka peke yake huko ndani. Unatujua. Miaka ishirini na mbili ya ndoa na bado hatujamaliza.

Mambo ya soksi, dawa ya kifua, unga, na dagaa aliowafunga kwenye mifuko mitatu ili harufu isitoke (itatoka), hayo mama yako amekwisha kukwambia na kesho atakwambia tena mara nne. Mimi sina la kuongeza. Najua pia kwamba utasoma barua hii polepole. Kiswahili chote unakielewa ukikisikia, ila ukikisoma unatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Ukikwama kwenye neno mpigie mama yako, usinipigie mimi, maana kuna mahali humu nitaona haya kukueleza kwa mdomo.

Turudi kwenye Jumapili. Sahani zilikuwa bado mezani, ukanisomea barua pepe ya wale wanne utakaokaa nao nyumba moja huko Köln. Hujawaona hata sura na tayari wamekuweka kwenye sikukuu yao. Wanasema kwao kuna kanivali, kwamba mwezi wa pili mji mzima unatoka barabarani umevaa vichekesho, na wao kila mwaka hujishonea nguo za aina moja. Safari hii wanakuwa nyuki. Kitambaa cha njano na cheusi kimeshanunuliwa, na mwenye cherehani anataka urefu wa mkono wako na wa mgongo kabla wiki haijaisha ili aanze kukata. Wamekuita nyuki wa tano.

Halafu ukanionyesha jibu uliloandaa. Mistari miwili ya adabu: asanteni sana, lakini mimi nakuja kusoma. Hukuwa umelituma, ulisema utalituma ukiwa uwanja wa ndege. Ukaniangalia, Nyamizi, ukingoja nikusifu. Nami nikakusifu. Nikasema, "Vizuri, mwanangu." Ukasema "Okay, Baba," ukainuka kwenda kuosha vyombo.

Ile "vizuri" yangu ilikuwa uongo. Imenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu siku hiyo, na ninaandika ili niitoe. Jibu lile hukulitunga wewe. Nililitunga mimi, wewe hujajua hata kuandika, katika mji ulio nusu saa kwa treni kutoka hapo unapokwenda.

Unajua kwamba nilisoma Bonn. Unachokijua ni ile picha ya sebuleni: mimi, mto, na koti refu la kuazima. Mwaka 2002 serikali ilinipeleka Ujerumani kwa mwaka mmoja nikaongeze ujuzi wa upimaji ardhi. Wewe ulikuwa na miaka mitano, ukabaki Tabora na mama yako. Siku ya kuondoka, babu yako wa Songea, baba wa mama yako, alinifunga tai shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Ya buluu, yenye vidoti vyeupe. Akasema, "Mkwe, usiende kutuaibisha."

Niliichukua kauli ile kama amri ya jeshi. Kila siku nilikwenda darasani na suti na tai ile, wenzangu wamevaa jinzi na sweta zilizotoboka viwiko. Nilivaa tai kwenda kununua viazi. Nilikuwa nimejiambia kwamba pale nilipo mimi ndipo Tanzania nzima ilipo, na Tanzania haiwezi kuonekana shingo wazi.

Pale idarani kulikuwa na sekretari, Bi Renate. Mama mtu mzima, miwani inaning'inia kwenye mnyororo, mtu wa utaratibu. Ukimpelekea fomu isiyo na sahihi ya pili anakurudishia kwa vidole viwili, kama umemletea panya aliyekufa. Tulipatana sana mimi naye, maana hata mimi nilikuwa mtu wa fomu.

Alhamisi moja ya Februari nikaingia ofisini kwake kuwasilisha ripoti. Nikamkuta Bi Renate amevaa kofia ya njano yenye kengele, pua ameipaka rangi nyekundu, mashavuni amechora mioyo. Nyuma yake wamama wengine wawili, mmoja amevaa kama kuku. Nikadhani labda wanajiandaa kwenda kuchekesha watoto wagonjwa. Nikawaamkia kwa heshima zote. Bi Renate akaja mpaka mbele yangu, akatoa mkasi nyuma ya mgongo, akaishika tai ya babu yako, kwachu! Nusu ikabaki mkononi mwake. Kisha akanibusu shavuni mpaka rangi ya pua ikanibakia, na wote watatu wakapiga vigelegele vyao.

Nilipiga kelele kwa Kiswahili, "Mama, una wazimu?" Nikampokonya kile kipande nikatoka nimeinua kidevu, shingoni ninaning'iniza kitambaa cha urefu wa kidole.

Kabla ya saa sita mwanafunzi mwenzangu alikuwa ameshanieleza. Alhamisi ile ni siku ya wanawake. Wanawake ndio wanaoshika mji, na mwanamume anayethubutu kutoka na tai, inakatwa. Wanaume wa pale huvaa tai mbovu makusudi ili wakatwe, na wasipokatwa wanasikitika. Kwa hiyo usinionee huruma ukasema masikini Baba hakujua. Nilijua, na bado niliketi nikamwandikia mkuu wa idara barua ya malalamiko. Kurasa mbili, nakala kwa ubalozi.

Mama yako hadithi ikifika hapo kwenye nakala kwa ubalozi huwa anatafuta pa kushika asianguke.

Jumatano iliyofuata, kanivali imekwisha, Bi Renate alikuja hosteli kwetu. Hana kofia, hana kengele, yumo ndani ya koti lake la kijivu. Ameleta boksi, na ndani yake tai ya hariri, nzuri kuliko ile. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliniomba radhi kwa Kijerumani cha polepole ili nielewe kila neno. Nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, nikabaki nimesimama mlangoni. Sikumwambia aingie. Mtoto wa Tabora, mgeni amekuja mpaka kizingitini na baridi ile, namuacha arudi bila hata maji ya kunywa!

Nilijiona nimeshinda, na kwa kweli nilichokitaka nilikipata. Tangu siku ile Bonn nzima iliniheshimu. Waliniheshimu mpaka nikakoma. Hakuna aliyenigusa bega tena. Nikiingia jikoni pale hosteli, kicheko kinashuka. Majira ya joto walikwenda kuchoma nyama kando ya mto na hawakuniita, wala si kwa ubaya, walichelea kunikosea. Miezi saba nilikaa kwa amani ambayo simtakii hata adui yangu. Nilikuwa nalia, Nyamizi, nakwambia waziwazi, nalia huku nanyoosha shati.

Nikarudi Tabora, na haukupita mwezi baba yangu mkubwa akafariki. Babu yako akasafiri siku mbili kutoka Songea kuja msibani. Alikuja kama mkwe, lakini zaidi alikuja kama mtani. Wewe umekulia huku na nadhani unachukulia kwamba maneno ya mama yako kwangu ni tabia yake tu. Sivyo. Sisi na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu. Walipigana, wakachoka, wakaona badala ya mikuki bora warushiane maneno. Mtani ana ruhusa ya kukusema mbele za watu, kukuvua kofia, kuingia jikoni kwako akachomoa mnofu chunguni. Msibani ndiyo hasa kazi yake. Na wewe huruhusiwi kununa.

Basi babu yako akaingia chumbani kwa marehemu, akavaa kofia ya marehemu, akashika fimbo yake, akajilaza juu ya kitanda chake, akaanza kukohoa vilevile marehemu alivyokuwa akikohoa. Akadai uji. "Mnanizika na njaa, wabeba mizigo nyie?" Mjane alikuwa akilia tangu alfajiri, nikamwona anacheka machozi yakiwa bado yanamtiririka. Babu alikataa kushuka kitandani mpaka apewe jogoo. Akapewa jogoo.

Jioni, jogoo ameshaliwa, nikamsimulia mkasa wa tai yake. Nilitaka anionee uchungu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kunihoji kama hakimu.

"Huyo mama alikuwa amevaaje?"

"Kofia ya kengele, na pua kaipaka nyekundu."

"Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa amejifanya kichekesho kwanza."

"Ndiyo."

"Na alipomaliza kukata, akakubusu."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ukaandika barua serikalini."

"Ndiyo."

Akajishika kichwa. "Lahaula! Mnyamwezi, umemshtaki mtani!"

Aliita watu. Walitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kumtazama mtu aliyemshtaki mtani. Nilicheka pamoja nao, ningefanyaje, lakini moyoni niliungua. Nimezaliwa katika utani, nimeoa utani, halafu mtu akanipa utani kwa mkono wake mwenyewe nami nikamwitia mkuu wa idara. Yule mama alikuwa ananiambia kwamba mimi si mgeni tena pale. Hakuwa na Kiswahili cha kuniambia, alikuwa na mkasi.

Nilimwandikia barua. Idara ikajibu kwamba amestaafu, amehama, na anwani yake hawana. Ikaishia hapo.

Ungedhani nilipata funzo. Nililipata, nikalisimulia sana, watu wakacheka, na sikulifanyia kazi. Tulikuja huku ng'ambo mwaka 2005, nikaacha kupima ardhi nikaanza kuendesha basi, na mji huu hakuna wiki isiyokuwa na sikukuu ya mtu. Kila moja inafunga barabara yangu. Wewe mwenyewe umenisikia nikirudi nyumbani nalalamika: leo Wakaribi, leo Wagiriki, leo Watamili, watu hawa hawana kazi? Kuna mwaka mama mmoja wa Kikaribi alipanda na mabawa ya manyoya mapana kama mlango, hayapiti, abiria wanayavuta kwa ndani na yeye anayasukuma kwa nje. Alipofanikiwa kuingia akanitazama usoni akauliza, "Dereva, nani amekufa?" Nikamwambia asogee nyuma.

Sasa nafika mahali mkono unapokuwa mzito.

Ulikuwa na miaka tisa, na sisi tulikuwa na mwaka mmoja tu katika jengo hili. Rafiki yako alikuwa Hetal wa ghorofa ya sita, binti wa Wahindi wa Mwanza. Mama yake siku ya kwanza alipotusikia tunazungumza ndani ya lifti nusura atukumbatie, na Kiswahili chake kilikuwa kinatushinda sisi. Wewe na Hetal hamkuwa mnatengana. Mlikuwa mnakula kwake, mnakoga kwetu.

Jumamosi moja ya Machi, theluji bado imelala pembeni mwa maegesho, walikuwa na sikukuu yao ya rangi. Natoka kazini, nakuta nyuma ya jengo watoto wanarushiana unga wa rangi, na mmoja wao, zambarau kichwani, kijani usoni, gauni lake jeupe la kwaya halitambuliki, ni wewe. Ulikuwa unacheka mpaka huwezi kusimama sawasawa. Uliponiona ulinikimbilia umenyoosha mikono yote miwili, unataka kunipaka.

Ningeinama tu. Ningeinama, ungenipaka shavu, na mambo yangeishia hapo kwa sabuni.

Nilikushika mkono nikakupandisha ghorofa ya sita. Mama Hetal akafungua na sinia la vitamu mkononi, nyuma yake sebule imejaa wageni. Nikamwambia mbele yao wote kwamba mtoto wangu si ukuta wa kupakwa rangi, na asimwite tena kwake. Akasema, "Baba Nyamizi, ni sikukuu tu. Tunacheza na wote." Na kwa kuwa niliendelea kusimama pale nimetoa macho, akasema samahani. Mwenye sikukuu, nyumbani kwake, mbele ya wageni wake, ndiye aliyeomba samahani. Hetal alikuwa ametufuata kwa ngazi, amefumba kiganja, unga wa njano unamvuja kati ya vidole.

Niliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Nilikuwa mgeni katika nchi, nikaona mtoto wangu amegeuka rangi nyingine, nikadhani nikilegeza kamba kidogo utachukuliwa na watu. Woga ule niliuita heshima, na nyumba nzima ikalazimika kuuita hivyo.

Bafuni maji yalitoka zambarau, halafu kijani. Uliniuliza, "Baba, nimekosa nini?" Nikaendelea kukusugua. Mimi husema ni tangu siku ile ulipoanza kunijibu kwa Kiingereza. Mama yako anasema niache uchuro, ni shule tu, watoto wote wa hapa ndivyo walivyo. Labda.

Baada ya hapo sikuhitaji tena kukukataza. Watoto wakipita mlango kwa mlango na vinyago vyao wakiomba peremende, wewe ndiye uliyewagawia, umesimama wima kama mhudumu wa benki, kisha ukarudi kwenye kitabu. Ukialikwa sherehe unasema hapana kabla mimi sijafungua mdomo. Mwalimu wako wa darasa la saba aliniambia una adabu nyingi na unakaa peke yako. Nilisikia ile adabu tu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba mtoto anasifiwa.

Kwa hiyo ukiniona Jumapili nimesema "vizuri" halafu nimeshindwa kumaliza chai yangu, sababu ndiyo hiyo. Niliona mlango wa hosteli ya Bonn, na safari hii aliyesimama pale akizuia watu ni wewe.

Sikwambii kwamba kila anayecheka anakutania. Wewe ni msichana mweusi, unakwenda kwa watu, na wapo watakaokucheka kwa dharau na kuiita mchezo. Nimekaa nikifikiri namna ya kukupa kipimo, na sina kizuri kuliko cha babu yako: mwangalie pua. Mtani anajipaka nyekundu yeye kwanza. Anajishusha, anakupa na wewe nafasi ya kumrudishia, na akiona umeumia anakuja na koti la kijivu kukuomba radhi. Mwenye dharau hubaki msafi, akuchafue wewe peke yako. Huyo muache hapohapo, toka, tupigie simu, hata kama huku ni usiku wa manane. Nitapokea mimi, mama yako akilala hata baragumu halimwamshi.

(Ameisoma sentensi hiyo juu ya bega langu. Anasema mkoromo wangu ndio uliomzoeza kelele. Pia anasema nikukumbushe mafuta ya nywele. Nimekukumbusha.)

Na hebu fikiri jambo moja. Mnyamwezi, kitukuu cha warina asali wa Tabora, anaalikwa awe nyuki, anakataa! Watani wakipata habari hii kule Songea hatuna pa kujificha. Mama yako ameshaanza kutishia kuwapigia.

Lakini jibu ni lako. Nimekujibia mengi, hili sitakujibia. Ukitaka kulituma lile lile, litume, na mimi nitakupenda vilevile na kukubebea sanduku. Nilitaka tu ujue kwamba sifa niliyokupa haikuwa ya kweli, usije ukakaa mwaka mzima chumbani ukidhani unanifurahisha.

Kuna jambo moja zaidi. Jana jioni niliposema nakwenda kununua kamba ya sanduku, sikwenda kununua kamba. Nilishuka ghorofa ya sita.

Miaka kumi, Nyamizi, tumepanda lifti moja na watu wale huku kila mtu anatazama namba za juu. Nilibonyeza kengele. Mama Hetal alifungua, nywele zimekuwa nyeupe, akanitazama juu mpaka chini.

"Baba Nyamizi. Kuna nini, maji yanavuja kwetu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kwa ajili ya ile rangi."

"Rangi gani?"

"Ya miaka kumi iliyopita."

Akasema, "Miaka kumi ndiyo unashuka ghorofa tatu? Ungechelewa kidogo ungenikuta nimekufa. Ingia, usisimame mlangoni kama karani wa sensa."

Nikaingia. Nikamwambia yote, na ya Bonn pia. Kwenye nakala kwa ubalozi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba siku ile, nilipoondoka, Hetal alinawa mikono akamuuliza kama rangi zao ni uchafu. Alisema hivyo bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. Niliomba radhi. Akasema radhi tupu haitoshi. Mwezi ujao wana ngoma yao ya usiku tisa, na faini yangu ni kuja kucheza, tena mbele, si kukaa ukutani. Nikamwambia sijui kucheza. Akasema hilo litakuwa la kuchekesha zaidi. Mama yako ameanza kunifundisha jikoni na anadai nina magoti ya mpagazi.

Hetal alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake muda wote ule. Amekuwa mrefu, na mimi nimesimama naye ndani ya lifti mara mia bila kumtazama. Nikamwita jina lake, nikamwambia nilimkosea yeye na nikamkosea rafiki yake. Akasema kwa Kiingereza, "Ni sawa, Anko." Nikamwambia si sawa. Akatazama chini.

"Anaondoka lini?"

"Kesho kutwa."

"Saa ngapi?"

"Tunatoka hapa saa nane mchana."

Akacheza na kitasa cha mlango kidogo. "Je, naweza..."

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Kwa hiyo kesho mtakuwa wawili kiti cha nyuma. Nakwambia mapema usije ukashtuka, upate na nafasi ya kufikiri utaanza kumwambia nini. Mpaka uwanjani ni dakika arobaini. Mimi na mama yako tutakaa mbele, tutaangalia barabara, na tumekubaliana hatutageuza shingo, hata tukiwasikia mnacheka.

Baba yako